Mama wa Wote Kasoro Mmoja

Wasichana waliosoma shule yetu wakikutana popote, sokoni, kituo cha mabasi au kwenye foleni ya hospitali, huulizana kwanza: "Mama Zima yupo?" Habari za mkuu wa shule hawaulizi, wala za mwalimu wa hesabu aliyewatoa jasho. Wanamwulizia matroni.

Jina hilo alipewa na mabinti wa zamani. Kila usiku alipita bweni hadi bweni, akasimama mlangoni na kusema neno moja tu: "Zima." Hakuongeza "taa" wala "tafadhali". Baadaye wajanja wakaligeuza. Walisema shule nyingine zina mama nusu na mama robo, wao wana Mama Zima. Yeye alijifanya halijui. Lakini asubuhi moja nilimkuta bafuni, mbele ya kioo ambacho juu yake mtu alikuwa ameliandika jina hilo kwa kipande cha sabuni. Alikuwa na kitambaa mkononi, ameduwaa, hafuti.

Mimi nilikuwa mtunza maktaba wa shule hiyo. Nyumba zetu mbili, zilizoshikana chini ya paa moja, zilitazamana na kamba za kuanikia nguo, nyuma ya bweni la Subira. Zilikuwa nyumba za wamisionari wa kwanza, kuta nene, madirisha madogo kama ya stoo, na kibaraza changu kilipakana na chake. Haya ninayoyaandika niliyaona mwenyewe, na yale nisiyoyaona aliniambia yeye.

Alikuja shuleni mjane, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa fundi wa paa, akaanguka kazini. Mabinti waliletwa pale na masanduku yao ya bati, na wiki ya kwanza wa kidato cha kwanza walilia, hasa baada ya sala ya jioni, kimya kilipoingia. Matroni hakuwaambia wanyamaze. Aliketi ukingoni mwa kitanda cha anayelia, akachukua chochote cha huyo mtoto kilichofumuka, soksi au ukosi wa sare, akashona. Alishona taratibu mpaka kilio kikachoka chenyewe. Kisha alimtandikia upya, pembe za shuka zikakaa kama za bahasha, akaondoka. Kabla wiki haijaisha mtoto huyo alikuwa anamwita mama. Hakuna aliyemfundisha. Lilimtoka tu.

Binti yake alijifunza kutembea akishikilia vyuma vya vitanda vya Subira. Alibebwa na kila mtu. Kama wote waliita mama, yeye aliita kwa sauti kuliko wote, hata mpishi mkuu akawa anasema, "Huyu akiita mama, maharage yangu yanaiva." Mimi aliniita mama mdogo. Nilikuwa sina mtoto, na jina hilo nililipokea kwa mikono miwili.

Mambo yaligeuka mtoto alipofaulu kuingia kidato cha kwanza katika shule ileile. Siku majina yalipobandikwa, matroni alicheka hadi akaketi chini kwenye ngazi za kanisa. Siku ya pili mkuu wa shule alimwita ofisini.

Mkuu wetu alikuwa mama mrefu, mcha Mungu wa kweli, asiyesengenya mtu. Alikaa nyumba ya ng'ambo ya uwanja na bwenini aliingia kwa ukaguzi tu, wakati mabinti wamesimama mguu sawa na hakuna anayefungua mdomo. Alimwambia matroni kwamba walimu wameanza minong'ono. Mtoto wa matroni atapewa blanketi la pili. Mtoto wa matroni atalala siku za mchakamchaka. Watoto wa watu wataona na watanung'unika.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," mkuu alisema. "Ndani ya uzio huu mtoto huyu hana mama. Ana matroni, kama wenzake."

Kama wenzake. Hapo ndipo penye kosa. Mkuu aliamini kwa moyo safi kwamba mabinti wanamwita matroni, kwa sababu ndivyo walivyosema mbele yake. Hakujua kwamba akigeuza kisogo tu, watoto mia kadhaa wana mama, na kwa agizo lake anabaki mmoja asiye naye.

"Kwa nini hukumwambia?" nilimwuliza matroni jioni ile.

"Nimwambie nini, dada? Kwamba watoto wake wananiita mama? Si angeona najitukuza?"

Alimketisha mtoto kwenye kiti cha jikoni. Mimi nilikuwa kibarazani kwangu nachambua mchele, na ukuta wetu wa kati haukufika darini.

"Kuanzia kesho, ndani ya uzio huu mimi si mama yako. Ni matroni. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Nani?"

Kisha sauti ndogo: "Ndiyo, matroni."

"Hata tukiwa peke yetu. Ulimi ukizoea siri utateleza mbele za watu."

"Na likizo?"

"Ndani ya uzio, nimesema."

Asubuhi yake mtoto alibeba sanduku lake, akavuka kamba za nguo, akaingia Subira kama mgeni.

Wenzake walimcheka mwanzoni. Walimwuliza kama ni mtoto wa kambo. Foleni ya dawa ya asubuhi ilipofika kibarazani kwa matroni, ungesikia: "Mama, tumbo." "Mama, jino." "Mama, nimejikwaa." Kisha ya kwake, imenyooka kama rula: "Shikamoo, matroni. Naomba plasta." Mpishi, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alisema mbele ya wote, "Shule hii ina miujiza. Mama mdogo yupo, mkubwa hayupo!" Watu walicheka. Na mtoto alicheka. Matroni akaendelea kukata plasta.

Likizo ya kwanza ilipofika, mabasi yalibeba wenzake na yeye akarudi na sanduku lake kwa kuvuka zile kamba. Matroni alikuwa ameoka keki, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Alimngoja mlangoni.

"Shikamoo, matroni."

"Eti nini? Shule imefungwa, mwanangu."

"Uzio haujafungwa," mtoto alisema. "Upo palepale."

Matroni alicheka. Alinisimulia kama kichekesho, jinsi mtoto wake alivyo na akili ya wakili. Aliona ni utani, utakwisha wenyewe, na kweli mtoto hakuwa na kinyongo chochote usoni. Alikula keki, akaosha vyombo. Lakini likizo nzima hakuita. Alipomhitaji mama yake alikuja mpaka alipo, akasimama mbele yake, akaanza kusema. Hivyo alikwepa kuita jina lolote.

Matroni hakulikemea jambo hilo. Agizo lilikuwa limetoka kinywani mwake, na walimu walikuwa wamekwisha kumsifu mkutanoni kwa kutopendelea. Sifa nazo ni kamba.

Mtoto alikuwa na sauti. Kwaya ya shule yetu ilikuwa na jina, na akiwa kidato cha tatu ndiye aliyeanzisha nyimbo. Alisimama mbele karibu na kinanda, ukosi mweupe, akashika noti ya kwanza peke yake kabla wengine hawajaingia. Matroni alikaa benchi la nyuma kabisa, kama mfanyakazi, na kila mara ile noti ya kwanza ilipotoka alitazama chini, kwenye viatu vyake.

Muhula huo ndipo sikio la kushoto la mtoto lilipoanza kumwuma.

Nieleze kwanza kazi ya ile foleni. Katika kila mabinti kumi wanaosema wanaumwa, wengi wamekimbia mtihani au baridi ya uwanja. Matroni alikuwa na kipimo chake. Alisema mgonjwa wa kweli hana hadithi. Anakuja, anasimama, ukimgusa anajikunyata. Mwenye hadithi ndefu humpa kidonge cha maumivu na kumrudisha darasani. Kipimo hicho hakikumwangusha mara nyingi.

Binti yake alipokuja alikuwa na hadithi. Alieleza lilipoanzia, linavyopiga, upande gani analalia. Alieleza kirefu kwa sababu alijua yeye ndiye mtu ambaye hatakiwi kudhaniwa anadekezwa, kwa hiyo alitaka kuleta ushahidi wote. Nyuma yake alisimama kiranja wa bweni, akisikiliza. Na wiki ileile mwalimu mmoja alikuwa amesema, kwa utani wa kuchoma, kwamba mtoto wa matroni ana zahanati yake binafsi.

"Kidonge," alisema matroni. "Rudi darasani."

"Ndiyo, matroni."

Alirudi tena. Hadithi ilikuwa fupi zaidi. Kidonge, darasani. Alipokuja mara ya mwisho hakuwa na hadithi kabisa. Alisimama tu. Matroni aliniambia miaka mingi baadaye kwamba aliona. Kipimo chake mwenyewe kilimwambia. Mtoto wa mtu mwingine angempeleka hospitali kabla ya uji.

"Nilisema nimpe mpaka Jumatatu," aliniambia. "Isionekane nimekimbilia."

Jumapili, kanisani, mtoto alifungua mdomo kushika noti ya kwanza, ikatoka chini. Watu waligeuka. Akajaribu tena, ikatoka chini vilevile, na hapo mwalimu wa kwaya akaona usaha unateremka kutoka sikioni, unaingia kwenye ukosi mweupe. Kinanda kilinyamaza. Kutoka benchi la nyuma matroni alikimbia katikati ya kanisa akiwa na kiatu kimoja. Alipomfikia alimshika mtoto na kusema, mbele ya mkuu, mbele ya mchungaji na shule nzima, "Mwanangu. Mwanangu, nipo, mama yupo."

Mtoto, nusu hana fahamu, alisema, "Samahani, matroni."

Alipasuliwa nyuma ya sikio. Maisha yake waliyaokoa. Sikio halikuokoka, na sauti ya kwaya ikaenda nalo, kwa kuwa hakujua tena noti yake inaangukia wapi.

Nilikwenda hospitali na matroni siku ya kwanza waliyoruhusu wageni. Wodi ilikuwa na vitanda vilivyobanana na harufu ya dawa ya kusafishia sakafu. Matroni aliketi ukingoni mwa kitanda, kama alivyokaa kwenye vitanda vya watoto wa watu, akatafuta kitu cha kushona asikione. Gauni la hospitali halikufumuka popote.

"Mwanangu, hapa si shuleni," alisema. "Hapa hakuna uzio. Niite."

Mtoto alimtazama. Kisha akageuka taratibu, akalalia sikio zima, lile lililokufa likabaki juu. Wakati ule nilidhani anatafuta mkao usiouma. Baadaye nilimwona akifanya hivyo mara nyingi, na nikajua ndiyo namna yake ya kufunga mlango.

Alipopona, agizo lilifutwa. Mkuu wa shule mwenyewe alikuja mpaka kibarazani akiwa amevaa kanga ya nyumbani, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akalia, akaomba radhi. Alikuwa mtu mwema, nimesema. Matroni akamwita binti yake na kumwambia yamekwisha, aite anavyotaka, popote, mbele ya yeyote.

"Watu watasemaje?" aliuliza binti. Hakukuwa na kejeli. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

Alimaliza kidato cha nne, akapata kazi ya ukarani posta, akaolewa na mwalimu mpole. Kama kuna mtu anatafuta mtoto mwema, ni yeye. Kila mwisho wa mwezi alituma sabuni, sukari na mafuta ya kujipaka. Mama yake alipong'oka meno alimpeleka kutengenezewa mengine. Hakuna jirani aliyeweza kumnyooshea kidole. Vifurushi vilikuja vimeandikwa kwa mwandiko mzuri wa posta: Kwa Matroni. Mpishi ndiye aliyevileta kutoka ofisini, na tangu yale mambo ya kanisani hakuwahi tena kutania juu yao wawili.

Siku moja kaseti ya mahubiri ilikuwa inacheza kwangu, ile habari ya mzee aliyempandisha mwanawe mlimani na kuni begani. Matroni alikuwa ananisaidia kukunja shuka. Akasema, bila kuinua uso, "Yule alishikwa mkono. Kisu kipo juu, akashikwa mkono. Mimi kiranja alisimama pale pale akaangalia tu."

"Kiranja alikuwa mtoto," nilisema.

"Najua. Simlaumu." Alilainisha shuka kwa kiganja. "Mkuu alisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikuchelea, dada. Na ninayelia ni mimi vilevile."

Alikuwa amebaki na tumaini moja, nalo alilitunza kama watu wanavyotunza nguo ya kuzikiwa. Aliamini ni uzio. Alisema siku atakayostaafu, akitoa vitu vyake vyote nje ya geti, asibaki na hata ufunguo mmoja wa shule, neno litarudi. "Ukimfungia kuku mlango, usishangae halali ndani," alisema. "Ufungue kwanza."

Siku hiyo ilifika. Mabinti walijipanga kuanzia kanisani mpaka njia ya geti, sare zimepigwa pasi, wengine waliimba na wengine walilia kana kwamba wanafiwa. "Kwaheri, Mama! Mama Zima, utuombee!" Alipita katikati yao akigusa huyu shavu, huyu ukosi. Binti yake alikuwa mbele na pikapu ya kukodi, anafunga godoro kwa kamba. Niliketi nyuma pamoja na masanduku, kumsindikiza. Wao wawili walikaa mbele na dereva, na kioo cha nyuma kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

Tulipovuka geti tu, matroni alimgusa dereva begani.

"Simama kidogo."

"Umesahau kitu, mama?" aliuliza dereva, kijana tusiyemjua.

Matroni aligeuka kumtazama binti yake. "Umemsikia? Hata hanijui."

Binti alitazama barabara.

"Tumetoka," matroni alisema. "Uzio huo nyuma. Funguo nimekabidhi. Sina kitu chao."

"Ndiyo. Tumetoka."

"Basi nipe. Mara moja tu. Hata kama ni uongo."

Niliuona uso wa binti kwenye kioo cha pembeni. Hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo, hasira hukatika. Alikuwa anajaribu. Midomo ilijifunga ikakaza, kama mtu anayenyanyua mzigo, ikafunguka.

"Ma," alisema.

Akasimama hapo. Dereva alitazama usukani. Mabinti walikuwa bado wanaimba nyuma yetu, na ile noti ya kwanza ilishikwa na mtoto mwingine.

"Ma... troni," alimalizia, na machozi yakamtoka. "Halitoki. Naapa sikunyimi. Nikilitafuta nakuta hilo lingine limekaa mahali pake."

Matroni alimpigapiga goti. "Haya. Basi, basi. Dereva, twende."

Alipokuwa ananiaga jioni kabla sijarudi na pikapu, aliniambia, "Nusu nimepata." Kisha akatabasamu, na lile tabasamu ndilo lililonifanya nilie njia nzima.

Sasa anakaa kwa binti yake, chumba cha uani chenye dirisha la kutazama bomba la maji. Chumba ni kisafi, pembe za shuka kama bahasha. Ana runinga ndogo na kiti cha mto. Hana anachokosa, na majirani humwambia amebarikiwa. Nilimtembelea juzi, mchana. Nilimkuta anashona foronya isiyofumuka. Aliifumua kwanza, nikamwona, halafu akaishona.

Mjukuu yupo, msichana anayeanza kusema. Watoto husema wanachosikia nyumbani. Alichungulia mlangoni, akaona mgeni, akajificha nyuma ya pazia.

"Toka, njoo kwa bibi yako," nilisema.

"Si bibi," alisema mtoto. "Matoni."

Matroni hakuinua macho. "Wamemfundisha bibi, amekataa," alisema. "Baba yake amemkemea mpaka amechoka. Nimesema wamwache. Si kosa lake, analifuata la mama yake."

Tulizungumza habari za shule. Nilimwambia bweni la Subira limepakwa rangi na mabinti wa siku hizi wanamwita matroni mpya Anti. Alisikiliza, akasema rangi ingehitaji kukwanguliwa kwanza, la sivyo itabambuka. Nilimwuliza kama anapata usingizi. Alisema anapata.

Mara mtoto, aliyekuwa ametoka kucheza, aliita huko uani, kwa sauti kali, kama mama yake alivyoita zamani: "Mama! Mamaa!"

Matroni aliweka sindano chini. Mikono ikakamata magoti, akainuka, akawa tayari nusu amesimama, shingo imeelekea mlangoni. Ni miaka mingi neno hilo lilikuwa lake.

"Abee, mwanangu," binti alijibu kutoka jikoni, akapita dirishani akikimbia, sikio zima limeelekea kwa mtoto.

Matroni alibaki ameinama vile, mkono kwenye kiti. Kisha akashuka polepole.

"Kila siku," aliniambia. "Miguu haijaambiwa."

Aliokota sindano, uzi umechomoka, akatafuta tundu lake, hakulipata, nikamtungia uzi. Baada ya kitambo mtoto alirudi mlangoni, safari hii hakujificha.

"Matoni, mama anasema chai tayari."

"Haya, nakuja," alisema, akainuka mara ya pili.